Mikono Tunayomwachia Mtoto

  Tunajua kwamba wengi wenu mnatusikiliza mkiwa mmesimama. Mmoja anakoroga uji wa wimbi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anatafuta soksi ya mtoto chini ya kitanda. Mwingine amekwisha kufunga mlango, yumo ndani ya matatu, lakini mawazo yake yamebaki nyumbani. Leo tunataka kuzungumza na ninyi hasa, akina mama mnaofanya kazi na ambao watoto wenu wangali wadogo. Akina baba nao wasiondoke, maana neno lao linakuja.

Somo letu limo katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 2, tangu aya ya 1 mpaka ya 10. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Mwenye mikono ndani ya beseni la nguo asijali, atusikilize tu.

Farao alikuwa ametoa amri kwamba kila mtoto wa kiume atakayezaliwa na Waebrania atupwe mtoni. Wakati huo mwanamke mmoja wa kabila la Lawi akazaa mtoto mwanamume. Katika mlango wa 6 tunaambiwa jina lake ni Yokebedi, na mumewe ni Amramu. Akamficha mtoto miezi 3. Alipoona kwamba hawezi kumficha tena, akatengeneza kisafina cha manyasi, akakipaka sifa na lami, akamlaza mtoto ndani yake na kukiweka kati ya majani kando ya mto. Dada yake mtoto akasimama mbali apate kuona yatakayotokea. Binti Farao akaja kuoga, akakiona kisafina, akamtuma kijakazi wake akilete. Akafungua, na tazama, mtoto analia. Akamhurumia. Ndipo yule dada akatokea na kuuliza kama amtafutie mwanamke wa kumnyonyesha. Akakubaliwa, akaenda kumwita mama yake mtoto. Basi Yokebedi akapewa mtoto wake mwenyewe amlee, na akaahidiwa mshahara juu yake.

Habari hii tumeizoea tangu shule ya Jumapili, na kwa kawaida tunapoisoma tunakimbilia kwa Musa. Leo tusikimbie. Tukae kidogo na mama yake pale ukingoni. Mtoto ana miezi 3, na mama analazimika kumtoa mikononi mwake. Mama wa Kenya, je, hesabu hiyo huijui?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 pamoja na mshahara wake wote. Ni jambo la kushukuru, maana sheria iliyotangulia, ya mwaka 1976, ilitoa miezi 2, na mama aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka ule. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Kati ya miezi 3 ya sheria na miezi 6 ya daktari pana shimo, na mama anayerudi kazini hulijua shimo hilo saa nne za asubuhi, kifua kinapomuuma kwa kujaa maziwa na mtoto yuko mbali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imejaribu kuliziba. Inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi, na inampa mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, isiyozidi jumla ya saa moja katika saa nane za kazi. Mama ambaye hakuijua haki hiyo, leo ameijua. Na aulize kwa upole, lakini aulize. Na mwajiri Mkristo asingoje kuulizwa.

Tena wako akina mama wasiofikiwa na likizo hiyo kabisa. Mama mboga anayefika Marikiti kabla ya mapambazuko, na mama anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku, hawana wa kuwapa likizo. Kwao siku isiyofanyiwa kazi ni siku isiyo na unga. Hao hurudi kwenye kazi mtoto akiwa na wiki chache tu.

Wapo watu wanaowaambia akina mama hawa kwamba mama mwema hukaa nyumbani. Tuwajibu kwa upole. Bibi zetu hawakukaa nyumbani wamekunja mikono. Walikwenda shambani, mtoni na sokoni, mtoto akiwa mgongoni. Na alipokuwa mzito walimwacha na nyanya yake, au na dada yake mkubwa, au na mke wa shemeji. Hata yule mwanamke anayesifiwa katika Mithali mlango wa 31 ananunua shamba, anapanda mizabibu, anauza nguo kwa wafanya biashara, naye huamka kungali usiku. Mama anayechuma chai Kericho, anayekata maua Naivasha, anayeshona nguo katika viwanda vya Athi River, anayefundisha darasani au kushika zamu ya usiku katika wodi, hakuwakimbia watoto wake. Amewaendea watoto wake sokoni, maana unga na sare na kodi ya nyumba havianguki kutoka mbinguni kama mana.

Kwa hiyo hatuulizi leo kama mama afanye kazi au asifanye. Swali letu ni hili: anapotoka, anamwacha mtoto katika mikono gani, na mikono hiyo naye anaitendeaje?

Mtazame Yokebedi. Hakumtupa mtoto mtoni. Alikaa kwanza akakisuka kisafina, akakipaka lami ndani ya kila ufa. Halafu akaweka mlinzi. Haya mambo mawili, matayarisho na mlinzi, ni hekima kwa kila nyumba.

Matayarisho ni kumjua yule tunayemwachia mtoto. Ametoka wapi? Wazazi wake ni nani? Je, ni mtu mzima, au ni mtoto ambaye naye angepaswa kuwa shuleni? Mtoto halei mtoto. Tena ni kukaa naye siku kadhaa kabla ya kurudi kazini, kumwonyesha jinsi uji unavyopikwa, mahali pa kuweka mafuta ya taa, na jinsi ya kumlisha mtoto kwa kikombe safi. Ni kumfundisha dalili za hatari: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege, anayehema kwa kasi, au aliyelegea asizinduke. Dalili hizo hazingojei jioni. Na mlinzi ni jirani mwema, au mama wa kanisa anayeishi karibu, anayeweza kubisha hodi mchana na kusema, "Nimepita tu kuwajulia hali." Wale wanaowaacha watoto katika nyumba za kulelea kwa malipo ya siku, kama zilizo nyingi katika mitaa ya Mukuru na Kibera, nao wafanye vivyo hivyo: waingie ndani waone, wahesabu watoto, waulize ni watu wazima wangapi wanaowatunza, waangalie choo na maji.

Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko hayo. Tunamfahamu mama mmoja, mshonaji katika kiwanda cha nguo, ambaye jina lake tutalihifadhi. Alikuwa na msichana wa kazi wa miaka kama 20, mpole, na mtoto alimpenda sana. Siku moja msichana alivunja chupa ya chai. Mama yule, kwa uchovu wa siku, alimkaripia kwa maneno makali mbele ya majirani, na mwisho wa mwezi akamkata mshahara. Mama akasahau. Msichana hakusahau.

Miezi miwili baadaye, saa tatu za asubuhi, mtoto akapata joto. Simu ilikuwa mezani, na namba ya mama ilikuwamo. Msichana akampangusa mtoto kwa kitambaa chenye maji, akamwimbia, akangoja. Mama alipofika saa moja ya jioni, mtoto alikuwa akihema kwa kasi na hawezi kunyonya. Wakakimbia hospitali wote wawili, mtoto akiwa mgongoni mwa msichana katika leso. Ilikuwa homa ya mapafu. Bwana alimhurumia, akapona. Muuguzi alipouliza kwa nini mtoto amecheleweshwa, msichana akajibu kwa sauti ndogo, "Niliogopa Mama Baraka atasema ni mimi."

Wapendwa, tuyapime maneno hayo. Katika nyumba ambamo mtumishi anaogopa, habari hazisemwi, na wa kwanza kuumia ni mtoto. Tunafunga mlango kwa kufuli mbili ili mwizi asiingie, na kumbe ukali wa ulimi wetu unaweza kumfungia mtoto ndani pamoja na hatari. Anayemheshimu yaya wake anamlinda mtoto wake.

Tena tukumbuke kwamba mara nyingi yaya mwenyewe ni mama. Anamwogesha mtoto wa Nairobi, na mtoto wake yuko kwa nyanya Busia au Kitui au Siaya. Anamvalisha huyu sare, na jioni anamtumia nyanya pesa kwa simu ili yule naye anunuliwe sare. Huyo ni Hana wa siku zetu. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 2, Hana alikuwa amemtoa Samweli akae Shilo kwa kuhani Eli, na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipokwenda kutoa dhabihu. Fikiri jinsi alivyokadiria urefu wa mkono wa mtoto asiyemwona. Yaya wako naye, anaponunua viatu sokoni, anakadiria mguu asiouona. Mama mfanyakazi, wewe unayelia kwa kumwacha mtoto tangu asubuhi mpaka jioni, ni nani aliye karibu zaidi kumwelewa mwanamke anayemwacha wake tangu Krismasi mpaka Krismasi?

Sasa tuseme juu ya mshahara. Binti Farao alikuwa mtoto wa mfalme, na Yokebedi alikuwa wa taifa la watumwa. Angeweza kumwambia ashukuru kwa kupata mahali pa kula. Lakini siku ile ile aliyompa kazi, alimtajia na malipo. Je, binti wa mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli atushinde sisi tunaoimba kwaya? Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ujira huo. Na Yakobo, katika mlango wa 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Sheria ya nchi nayo inamtambua mfanyakazi wa nyumbani kuwa mfanyakazi kama wengine. Anastahili kima cha mshahara kilichowekwa, siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi. Tunajua kwamba mama mwingine mshahara wake mwenyewe ni mdogo, na akiisha kulipa kodi na nauli hubaki na kidogo sana. Kwake tunasema: patana kwa haki juu ya unachoweza, pengine kwa saa chache za kazi au kwa kushirikiana na jirani mlipe pamoja, kisha lipa kwa siku mliyopatana. Asiyeweza kulipa asiahidi.

Na siku ya mapumziko je? Jumapili asubuhi tunawaona watoto wakiingia kanisani, wamepakwa mafuta wakang'aa, mashati yamepigwa pasi. Tunawasifu. Lakini ni nani aliyeamka saa kumi na moja kuwatayarisha? Yuko wapi saa hii tunapoimba? Katika nyumba nyingine yuko jikoni anachambua mchele, kwa sababu wageni watakuja. Amri ya nne haikumsahau huyo. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, Mungu anawataja watumishi wa kiume na wa kike kwa wazi, na anaeleza sababu: wapate kupumzika sawasawa na bwana zao. Sabato ya mama wa nyumba haijatimia ikiwa imebebwa na mgongo wa mwingine. Tule sukuma wiki na ugali Jumapili moja, tukae benchi moja na dada huyu kanisani, naye asikie mahubiri ameketi.

Akina baba, zamu yenu imefika. Katika Kutoka mlango wa 2, Amramu anatajwa mara moja mwanzoni bila jina, kisha hatumsikii tena. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi yote ilikuwa ya wanawake. Lakini fungua Waebrania mlango wa 11, aya ya 23. Pale mwandishi anasema kwamba Musa alifichwa na wazazi wake, wote wawili, kwa imani. Baba alikuwemo. Usiku mtoto alipolia na askari wakipita, hakulala akimwachia mkewe shida ile. Basi, ndugu, mke wako anaporudi kutoka kazini saa ile ile uliyorudi wewe, yeye akaingia jikoni na wewe ukaketi ukingoja chai, ni nani aliyeamuru hivyo? Sheria ya mwaka 2007 imempa baba naye wiki 2 za likizo yenye mshahara mtoto anapozaliwa. Wiki hizo zilitolewa kwa ajili ya kuogesha mtoto, kufua nepi na kumpikia mama uji. Hazikutolewa kwa kukaa na marafiki. Na baba aliyejifunza katika wiki 2 hizo hatashindwa katika miaka inayofuata.

Nanyi wazee wa kanisa, tunawaomba neno moja. Vyumba vya shule ya Jumapili katika makanisa yetu mengi vimefungwa kufuli tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na ng'ambo ya ua wako watoto waliofungiwa chumbani kwa kukosa wa kuwaangalia. Je, haiwezekani vyumba hivyo vifunguliwe, akina mama wazee wenye moyo na akina dada waliofundishwa kazi hiyo wawatunze watoto kwa malipo madogo? Na mikutano ya vyama vya akina mama inayofanywa Jumatano saa nane za mchana, mama aliye kiwandani ataifikiaje?

Mwisho tuseme na wewe, mama, unayerudi jioni umechoka, ukidhani kwamba siku nzima ya mtoto imekwisha kukupita. Yokebedi naye alipewa muda mfupi. Mtoto alipokua alimpeleka kwa binti Farao, akawa mwana wa jumba la mfalme, akaitwa kwa jina alilopewa huko. Hatuambiwi mama yake alimwimbia nini wala alimfundisha nini katika miaka ile michache. Lakini aya ya 11 inasema kwamba Musa alipokuwa mtu mzima aliwatokea ndugu zake, akaitazama mizigo yao. Aliwajua kuwa ni ndugu zake. Mahali fulani, katika mikono ya mwanamke aliyekuwa akilipwa mshahara kwa kumlea, mtoto yule alijifunza yeye ni nani.

Basi jioni hii, kabla ya kuhesabu vyombo na kuuliza ni nani aliyemwaga sukari, msalimu mtoto wako kwa jina lake. Weka simu chini. Mketishe magotini hata kama ni kwa muda wa chai kuchemka, umwulize ameona nini leo. Omba naye kabla hajalala, maneno machache, kila siku saa ile ile, ili hata siku ya zamu ya usiku ajue kwamba saa hiyo mama anamtaja mbele za Mungu. Kisha mgeukie yule aliyeshinda naye, umwambie, "Asante, dada. Pole kwa kazi." Maneno hayo hayana gharama, nayo hufungua mdomo wa mtu kusema kweli.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemwona mtoto ndani ya kisafina, waone leo watoto wetu huko tulikowaacha. Watie nguvu akina mama walio njiani, viwandani, mashambani, sokoni na mahospitalini. Wabariki wote wanaowabeba watoto wasio wao, na uwalinde watoto wao walio mbali. Wape akina baba moyo wa kushiriki mzigo. Utufanye watu wa haki katika nyumba zetu, mahali ambapo hakuna anayetuona ila wewe. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nendeni salama kazini, wapendwa, na Bwana awarudishe salama nyumbani.